Hadithi za Kambo Zilizouzwa kwa Kilo

Petroli na wino mweusi. Nikinusa harufu hizo mbili pamoja, hasira inanipanda. Ndivyo alivyonukia baba yangu, mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale mtaani Katuba, na ndivyo kilivyonukia kiangazi kile cha utoto wangu, vumbi jekundu likituingilia hadi kwenye sahani. Kila Jumamosi baba alitupeleka kazini, mimi na Kambo, yaani bibi yangu, mama yake mzazi. Alimkalisha kando ya kasha la herufi za madini ya risasi, na Kambo akasimulia hadithi zake kwa Kiluba. Baba hakuandika chochote. Aliokota herufi moja moja, tik, tik, akazipanga kinyumenyume kama kazi ya chapa inavyotaka, na alipokosea kwa haraka Kambo alimkaripia: "Pole-pole, weye! Ule binti iko bado ku mto!"

Mama alimsihi aziandike kwanza kwenye daftari. Baba akacheka. "Karatasi inaungua, panya banaikula. Chuma inabakia." Katika mji huu uliojengwa kwa shaba, nani angembishia? Kila ukurasa wa herufi uliokamilika aliufunga uzi na kuuweka rafuni, kusubiri karatasi za kuchapia. Karatasi za kalenda za kampuni ya migodi hazikukosekana hata siku moja. Za Kambo ndizo zilizokuwa hazijafika, kila tulipouliza.

Mvua za kwanza zilipoanza, Kambo akafariki. Tulipokuwa bado kwenye kilio, tumelala chini uani pamoja na majirani, shefu, mkubwa wa kiwanda, akaita wanunuzi wa vyuma chakavu. Baba aliporudi kazini alikuta rafu tupu. Shefu hata hakuinuka kitini. "Ile byuma? Tulishauzisha, papa. Pole ya kilio."

Pole ya kilio! Mpaka leo natamani kumtemea mate. Herufi za Kambo zilikuwa zimeshayeyushwa zote. Baba alikaa mezani na kalamu, akajaribu kukumbuka, akapata mianzo tu. Vidole vyake vilikuwa vimefanya kazi, masikio hayakushika. Hakupanga tena herufi kwa moyo.

Juzi binti yangu karudi kutoka shuleni na somo jipya: fundi mmoja wa Ujerumani alibuni herufi za chuma za kupangwa na kupanguliwa, na tangu hapo maneno ya watu hayapotei tena. Hayapotei! Nilibwaga mwiko sufuriani. Kwao vitabu vilitapakaa nchi hadi nchi. Kwetu herufi hizohizo zilifika, zikachapa katekisimu na matangazo ya mabwana, na zamu ya mwanamke wa Kiluba ilipofika, zikapimwa kwenye mizani. Sasa pale kiwandani wanauza simu, na simu yoyote kati ya hizo ingemnasa Kambo mzima, sauti na kikohozi chake, huku akichambua maharagwe.

Usiku huo mtoto alitaka hadithi. Nikaanza ile ya binti aliyemkimbia mume mwenye mkia, akafika kwenye mto uliofurika. Hapo ndipo mianzo ya baba ilipoishia.

"Alivuka, mama?"

"Ule binti iko bado ku mto," nikamwambia, nikamgeuzia kisogo.