Vibanzi vya Anayejifunza

Dada yangu alikuwa ameshampatia mwanangu nafasi ya shule Tanga, nami nilikuwa nimekubali. Januari angekwenda kukaa kwake. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya hapa Johannesburg: mtoto akianza kukujibu Kiingereza ndani ya nyumba yako, unampeleka kwa ndugu akafundwe. Wangu ana miaka kumi na mmoja, amezaliwa hapa hapa mtaani Bertrams. Kiswahili anakielewa chote, hata umbea, lakini kumjibu mama yake kwa Kiswahili hataki. Linaniudhi sana jambo hilo, sifichi.

"Samaki mkunje angali mbichi," dada alikuwa akiniambia kila akipiga simu.

Mimi ni msusi. Jumamosi jioni, wateja wakiisha, namketisha mwanangu kati ya magoti yangu namsuka. Hatulii. Kila akijipinda nampiga begani na kitana: "Tulia!" Basi, mazungumzo yetu ndiyo hayo.

Siku moja ya likizo saluni ilipooza, nikamchukua hadi Newtown. Jumba moja la makumbusho lilikuwa limetangaza kwamba watu watafundishwa kuchonga zana za mawe, kama walivyochonga binadamu wa kale waliokuwa na mwili na akili kama zetu. Mimi nilitaka tu aiache simu yake kwa saa mbili.

Mwalimu alikuwa msichana mwenye vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Alitutandikia vipande vya ngozi mapajani, akatuvisha miwani ya kukinga macho, akatuonyesha. Jiwe la mviringo la kupigia mkono wa kulia, jiwe la kuchongwa mkono wa kushoto. Unapiga ukingoni, kwa mshazari, na kibanzi kinabanduka kikiwa na makali ya kukata nyama. Kwake kilibanduka kama ganda la kitunguu. Mimi sina subira. Nilipiga katikati, kwa nguvu zangu zote. Jiwe halikushtuka. Nikapiga tena palepale, nikajiuma ulimi nisitukane mbele za watu.

"Eish, Mama," mwanangu akasema, akicheka.

Lakini na lake lilikuwa limemshinda. Mwalimu akayachukua mawe yetu, akayaweka pamoja, na hapo nikaona. Jiwe la mwanangu lilikuwa na majeraha katikati, palepale penye majeraha ya langu. Muda wote ule, badala ya kumwangalia mwalimu, mwanangu alikuwa akiniangalia mimi.

Mwalimu hakutucheka. Alisema kuna mahali ambapo taka za wachongaji wa kale hazikusogezwa tangu wainuke, na wachimbaji hukuta rundo la vibanzi vizuri vya fundi, kisha kando yake jiwe lililopondwapondwa ovyo. Hilo, akasema, huenda ni la mtu aliyekuwa akijifunza, pengine mtoto. Aliketi karibu na fundi, akaharibu mawe mpaka akajua.

Niliwaza yote ambayo mwanangu angeyapata Tanga: lugha safi, shikamoo kwa wakubwa, adabu ya mezani. Mambo mazuri yote, na dada yangu angempa kwa moyo mweupe. Lakini makosa je, angeiga ya nani?

Jumapili mwanangu aliomba, kwa Kiingereza chake, anisuke. Siku zote nilimkatalia, maana kichwa cha msusi ndicho tangazo lake. Safari hii nikaketi chini, yeye akakaa kwenye kiti nyuma yangu. Alivuta kupita kiasi, na njia za nywele zikaenda kombo. Nilizisikia kwa ngozi ya kichwa. Nikajisemea kwamba mtandio utafunika.

Simu ikalia. Dada alitaka kujua tarehe ya safari, maana mwalimu mkuu alikuwa anauliza. Nikaweka sauti ya nje, mikono yangu ikaanza kupepea huku namtafutia maneno, na kichwa nacho kikayumba. Kitana kikanipiga begani.

"Tulia, Mama!"

"Nani huyo?" dada akauliza.

"Mwanangu," nikasema. "Hatakuja tena, dada. Nisamehe."

Nikatulia, kama nilivyoambiwa.