Mama Mbele ya Kinasa Sauti

Mtafiti wa lugha alitoka Mbarara kuja kwetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kusikiliza jinsi Kinyankore cha wenyeji kilivyoingia katika matamshi ya Kifuliiru chetu tulichotoka nacho Kongo. Nilimwambia mche mmoja wa sabuni hautoshi kumlipa mama. Tukapatana miwili, nikaihesabu mara mbili mbele yake. Mama akavaa kitenge cha kanisani. Kambini, kinasa sauti kilimaanisha mahojiano ya kuhamishiwa Amerika. Nilimweleza kwamba huyu anataka maneno tu, akanicheka.

"Mama, sema 'mlango' kwa lugha yenu," mtafiti aliomba.

Mama akalisema, kisha akasimulia jinsi mlango wetu ulivyovunjwa, na baba alivyouawa nyuma yake. Alipoombwa 'mto', akasimulia kaka yangu alivyozama tukikimbia. Mtafiti alimsikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, mama. Mimi nachunguza sauti tu. Siwezi kumpeleka mtu popote."

Mama akakitazama kinasa sauti.

"Na ile yote nimesema, utaifanya nini?"

"Nitachukua yale maneno mawili."

"Basi ile ingine unirudishie," mama alisema, akanyoosha mkono.