Mfasiri wa Filamu ya Jumamosi

Nilipopelekwa kufundisha Voi, miaka ya sabini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Nilikuwa msichana wa Ronge, na sinema niliyokuwa nimeiona maishani ni ile ya gari la serikali lililokuja sokoni kutuonyesha namna ya kuchimba choo na kuchemsha maji ya kunywa. Hata hiyo niliipenda. Nilimweleza mama yangu habari ya choo kile kwa juma zima, mpaka akaniambia nimwache apike.

Voi kulikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, hatua chache kutoka stesheni. Filamu zilifika na treni kutoka Mombasa, zikiwa kwenye makopo ya bati, na zilionyeshwa mara mbili: Jumamosi alasiri, kisha Jumapili watu wakitoka kanisani. Madirisha yalizibwa kwa blanketi ili giza lipatikane. Mnajua joto la Voi mchana. Basi fikirieni joto hilo likiwa limefungiwa ndani pamoja na watu, watoto, karanga na moshi wa sigara. Nilitoka humo nimelowa jasho, na Jumamosi iliyofuata nikarudi.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa mzazi wa mmoja wa wanafunzi wangu. Akina mama walikuwa wamemlalamikia kwamba wanakuja na watoto bila kujua kama filamu ni ya mapenzi, ya nyimbo au ya kuchinjana. Akanijia shuleni.

"Mwalimu, wewe una maneno," akasema. "Ukishaona filamu ya Jumamosi, si utuandikie machache? Tutayabandika stesheni, wa Jumapili wajue wanakuja kuona nini."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Niliandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, kwenye karatasi moja iliyobandikwa ubaoni pale watu waliposubiri treni. Nilikuwa mkali, kama wanavyokuwa walimu wapya. Kuna filamu niliyoiandikia: "Mapigano mengi, sababu haionekani. Farasi ndiye mwenye akili kuliko wote." Nyingine: "Nzuri. Watoto waje, lakini wale kwanza, maana ni ndefu sana." Watu walisoma, wakacheka, wakaja. Nilijisikia mtu mkubwa.

Jumatatu moja, nikiwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba niliyopanga nasahihisha madaftari, kijana mmoja mrefu alisimama langoni na kofia yake mkononi. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha mkonge, mtu wa kutoka magharibi, upande wa ziwa. Nguo zake zilikuwa na ile harufu ya mkonge mbichi ambayo haitoki hata ukifua na sabuni ya namna gani.

"Wewe ndiye mwalimu wa ubaoni?"

"Ndiye."

"Nimekuja kukwambia umekosea."

Nikaweka kalamu chini. Filamu ya juma lile ilikuwa ya mama aliyempeleka mwanawe wa kiume mjini kutafuta kazi. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba mwigizaji wa kike analia kupita kiasi, mpaka anachosha.

"Mimi nilipokuwa nikiondoka nyumbani," akasema, "mama yangu alilia hivyo hivyo. Alilia mpaka basi likaondoka, na nilipogeuka nilimwona bado analia. Haikuwa kupita kiasi."

Nilimkaribisha kiti, nikampa maji. Akanywa, akashukuru, akaenda zake. Juma lililofuata alirudi na pingamizi jingine, na juma lililofuata hilo pia. Baada ya muda nilijikuta naandika mambo ya kumchokoza makusudi, ili aje abishe. Jirani yangu, mke wa dereva wa treni, aliniuliza siku moja tukianika nguo, "Huyo wa mkonge, bado tu mnazungumza filamu?" Nikacheka. Naye akacheka, akaendelea kuanika.

Alipoomba tuoane, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kazi ilikuwa kwa baba.

Baba yangu alikuwa mkulima, mtu wa ndizi na mboga, mzee wa kanisa, mpole kupita watu wote niliowajua. Hakumtukana kijana wala hakusema neno baya juu ya kabila lake. Aliniuliza jambo moja tu, tukiwa tumekaa jikoni kwetu Ronge.

"Huko kwao, nikitaka kukuona, nitapanda treni ngapi?"

"Baba, anafanya kazi Voi."

"Leo, ndiyo. Na kesho wakimwachisha? Si atarudi kwao? Na wewe utamfuata. Mimi nitabaki hapa nikiangalia mlima."

Hapo mazungumzo yakaisha. Mama akanionyesha kwa macho nisiendelee. Miezi ikapita hivyo, kijana akiniuliza, mimi nikimwomba asubiri.

Ndipo baba akateremka Voi kununua mabati ya paa la jikoni. Ilikuwa Jumamosi, na angelala kwa mzee mwenzake wa kanisa hadi asubuhi. Nilimwomba tuende ukumbini. Alisitasita, kwa kuwa hakuona ni mahali pa mzee wa kanisa, lakini nikamwambia mwanawe ndiye mwenye kusema filamu ipi inafaa na ipi haifai. Hilo lilimfurahisha. Alivaa koti lake, joto au si joto.

Kijana alikuwa huko tayari. Sikuwa nimempangia. Alikuja akamsalimia baba kwa mikono miwili, "Shikamoo, Mzee," na baba akaitikia kwa adabu, akakaa. Kwa sababu viti vilikuwa vimejaa, tulibanana kwenye benchi moja: mimi, baba, halafu yeye.

Filamu ilikuwa ya Kihindi. Nyimbo, mashamba ya maua, na nyumba kubwa yenye lango. Mara baba akaniuliza, "Wanasema nini?" Nikamwambia sijui, Baba, mimi huangalia matendo tu. Nikaona anaanza kupotea, macho yake yanazunguka ukutani.

Basi nikasikia sauti ya chini kutoka upande wa pili. "Mzee, huyu kijana ametoka mbali. Anasema ameitembea njia hii yote kwa miguu."

Baba akageuza sikio. "Anatafuta nini?"

"Anamtafuta msichana wa nyumba hii. Yule mzee wa langoni ndiye baba yake. Anamwambia, mimi sikuchukii, mwanangu, ila nyumba yangu itakuwa kimya."

Alifasiri filamu nzima. Alifasiri ugomvi, akafasiri nyimbo, akafasiri hata mvua. Watu wa benchi la mbele waligeuka kumnyamazisha, halafu wakaacha, wakawa wanasikiliza. Yule mzee wa langoni alipomfukuza kijana, baba yangu alitoa leso. Na mzee alipofungua lango mwishoni, fundi wa mashine akasema, "Anasema, karibu ndani, lakini muwe mnakuja kuniona." Baba akaikunja leso, akairudisha mfukoni.

Nilijua kijana hajui Kihindi hata neno moja. Nilikaa pale kwenye giza, nikiwa na hofu na nikiwa na furaha, nisijue ipi ni kubwa. Niliandika maoni yangu jioni ile, nikasema ni filamu ya baba mkali anayelainika, na kwamba wazee waletwe.

Asubuhi nilimsindikiza baba kwenye stendi ya mabasi. Mabati yalikuwa yameshafungwa juu. Akasimama karibu na mlango, hapandi.

"Yule kijana," akasema, "anakijua Kihindi?"

Singeweza kumdanganya. "Hapana, Baba."

"Nilijua. Mdomo wa yule mzee ulifunguka kidogo tu, huyu akanipa maneno ya mahubiri mazima." Alicheka kimya kimya, mabega yakitikisika. Kisha akaacha kucheka. "Wewe uliniacha nikae bila kuelewa kitu. Yeye hakuniacha. Mwambie aje nyumbani na watu wake."

Walikuja kutoka magharibi, wazee wenye suti nzito za sherehe, wakapanda milima yetu wakihema. Mama aliwapikia kimanga, ule mseto wetu wa mahindi na maharagwe, nao wakala na kuomba tena. Tukafunga ndoa katika kanisa la kwetu.

Sinema ya ukumbini ilikuja kufa polepole, baada ya projekta kuharibika na mtu wa kuitengeneza kutopatikana. Miaka ya themanini ikaleta video. Mhandisi mmoja wa shamba la mkonge alipohama alimwachia mume wangu televisheni na deki, na duka moja la mjini likaanza kukodisha kaseti zilizotoka Mombasa. Nami nikarudia kazi yangu, safari hii kwenye ubao wa chumba cha walimu. Sasa ilinibidi kuhakiki vitu viwili, filamu na kaseti yenyewe. Niliandika, "Filamu nzuri, kaseti mbaya, watu wote wana mistari usoni na wimbo wa mwisho umekatwa." Au, "Picha safi, lakini nusu ya watu wamebaki nje ya kioo." Walimu wenzangu walizingatia sana, maana kurudi na kaseti mbovu Ijumaa kulimaanisha wikendi nzima ya watoto kununa.

Mwaka ambao baba alianguka kwenye matuta ya shamba na kuvunjika mguu, alitoka hospitali akaja kukaa kwetu, kwa kuwa njia ya Ronge isingepandika. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka miwili nyuma. Baba alikaa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, akitazama dirishani kule milima ilipo. Aliongea kidogo sana. Mume wangu akitoka zamu ya asubuhi alikuwa akipitia dukani, analeta kaseti, anakaa kando ya mzee.

Ndipo siku moja akaja na ile ile ya Kihindi. Tuliitambua kwa lango. Lakini kaseti hii ilikuwa na tafsiri ya Kiingereza chini, na kwa mara ya kwanza niliweza kujua hasa wanasema nini. Nilisoma nikaziba mdomo. Yule mzee wa langoni hakuwa baba wa msichana. Alikuwa mjomba wa kijana, na ugomvi wao wote ulikuwa juu ya farasi. Msichana alikuwa dada wa kijana huyo. Yale niliyobandika stesheni hayakuwa na mstari hata mmoja wa kweli.

Baba aliniona. "Kuna maneno pale chini," akasema. "Soma, wanasemaje?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamebadilika rangi. Nikaanza kusoma polepole, nikiyageuza kwa Kiswahili: mjomba, nirudishie farasi; farasi ni wa marehemu babu; ondoka langoni kwangu. Baba alisikiliza kidogo tu, akainua mkono.

"Basi, inatosha. Hao wenye kuandika chini hawakuelewa filamu." Akampiga mume wangu kwenye goti. "Endelea wewe."

Mume wangu akasafisha koo. Kisha akaanza, kijana ametoka mbali, ameitembea njia yote hii kwa miguu, na watoto wetu wakaja kukaa sakafuni kusikiliza. Mimi nilienda jikoni nikasimama pale nikisingizia chai.

Baada ya hapo baba alianza kuongea. Alimsimulia mume wangu habari za mama, jinsi alivyokuwa akimkemea kwa kuchelewa shambani, mambo ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuyasikia. Mguu ulipona ukiwa umepinda kidogo. Tulimwomba abaki, akakataa, akasema ndizi zake haziwezi kujipalilia. Kwa hiyo mume wangu alichukua likizo, akapanda naye Ronge, akamjengea ngazi za mawe kutoka nyumbani hadi shambani, zenye mshikio wa mbao upande mmoja. Baba alizitumia miaka kadhaa. Kila mwisho wa mwezi tulipanda kumwona, na tulipokuwa tukikaribia tulimkuta ameketi kwenye ngazi ya juu kabisa, amevaa koti, ameshatusikia tukija.