Mtumbwi Uliogeuzwa Mizinga

Harufu ya asali mbichi hunirudisha kijijini Wema, kando ya Mto Tana, mwaka 1957. Niliingia darasani ukubwani, na jambo la kwanza nililolifanya kwa kalamu ni kuzipanga tarehe za dada yangu Rehema, zisije zikapotea kama alivyopotea yeye.

Rehema alipooza mguu wa kulia akiwa mdogo. Nchi kavu alitambaa, lakini mto ulipofurika ukameza mashamba ya mpunga, hapakuwa na wa kumshinda. Baba alimchongea mtumbwi mwembamba, naye alipiga kafi akiwasuta wenzake: "Enyi wenye miguu miwili, nifuateni basi!" Majini watu wote huketi, kiwete hatambulikani.

Februari mwaka ule alirudishwa kutoka hospitali ya mbali akiwa na kiatu cha chuma na magongo mawili. Aliposimama uani, vigelegele vilipaa, na Baba akalia. Kwa furaha ile akatenda kosa lisilomstahili mtu wa mto: aliukata mtumbwi vipande viwili, akaviziba ncha na kuvifunika kwa magome, akavitundika mtini viwe mizinga ya nyuki.

"Mwanangu sasa anatembea," alisema. "Wa nini tena?"

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Aprili mto ulipanda. Magongo yaliyozoea saruji ya hospitali yalizama katika matope meusi, kiatu kikanaswa. Rehema, amekwama hatua chache kutoka mlangoni, akaitazama mizinga juu mtini.

"Baba, nipande nikaishi na nyuki?"

Baba aliahidi kuchonga mtumbwi mwingine. Homa ilimchukua Juni, shoka likiwa bado halijanolewa. Rehema alibaki kizingitini akisikiliza kafi za wengine, hadi tulipomzika Novemba 1959. Hakuugua ugonjwa wenye jina.

Mwaka huu, hapa Garsen, mimi mjane niliyejisimamia miaka yote, sasa miguu imenikataa, nimeletewa kiti cha magurudumu, chepesi, kinang'aa.

"Nyanya, sasa utakwenda utakako," alisema muuguzi.

"Masika nitapita wapi, mwanangu?"

Alicheka, akadhani ni mzaha. Chuma kimekuwa chepesi. Matope ni yale yale, na bado hatuulizwi tunapita wapi. Kiti kimeegemea ukuta.

Mizinga ile tuliivuna Desemba 1957. Rehema alikataa kuonja. Mimi nilikula, nikalamba na vidole.