Sauti Yake Redioni

Leo nimemsikia mtu akifa.

Mnisamehe nikikosea maandishi.

Mnajua kazi yangu ni kuongoza wageni kwa kayaki hapa Diani. Asubuhi alikuja bwana mmoja na mkewe, na kayaki yake mwenyewe. Alikuwa na jaketi la kuelea, kofia ngumu, filimbi na redio mbili za mkononi. Moja akampa mkewe.

Nikamwambia, "Kaka, maji yanakupwa. Pale mwamba ulipokatika panavuta kama mto saa hizi. Nakuomba ubaki ndani ya mwamba."

Akacheka. "Na vifaa vyote hivi, dada?"

Akaenda.

Kupiga kasia alijua, sikatai. Lakini mkondo ulimchukua mbele ya macho yetu, ukampitisha penye mwanya, na mawimbi yakampindua.

Nikakimbia kuita boti ya injini. Niliporudi, mkewe alikuwa anaongea naye kwa redio.

"Nimeishika kayaki, lakini siwezi kurudi."

"Wanakuja, Baba Neema. Wako njiani."

"Mawimbi yananifunika. Sipati pumzi."

Kisha kimya.

Boti ilimkuta nje ya mwamba, anaelea, jaketi limefungwa sawasawa. Alikuwa ameshafariki.

Tulipotoka hospitalini, mkewe alinipa ile redio yake.

"Dada, naomba uniwekee chaji. Asije akaita nisimsikie."

Nimeiweka chaji.

Jamani, nyinyi mngemjibu nini?