Kidole Gumba cha Kipkosgei

Jirani yangu Jerusa alikuwa na vidole gumba vifupi, vimeishia pale vyetu vinapojikunjia. Hata hivyo, katika mashamba yetu ya Kimulot alijaza kikapu cha majani chai kabla yangu, jambo lililoniudhi. Nilimtania kwamba chai imemla vidole. Wote tuliamini hivyo, kwa kuwa marehemu baba yake, Kipkosgei, alikuwa navyo vilevile, naye alichuma tangu utotoni. Sisi hatukosi jibu la haraka.

Kipkosgei alimlea peke yake, mama alifariki mapema. Jerusa aliniambia kwamba walipokwenda kanisani alishika kile kidole tu, si mkono mzima. Kilimtosha kiganjani.

Aliolewa na Isaiah. Kufikia mwaka 1997 alikuwa amepoteza mimba tatu, zote zikiwa za miezi mitano. Mama mkwe akatoa hukumu: "Hiyo chai imekula mkono, sasa inakula tumbo. Toka kwa shamba."

Akatoka. Alisimama kwenye ua akitutazama tukichuma, na nguo za mtoto alizofuma bado zilikuwa sandukuni. Alitamani mtoto hadi akaacha kuja kwangu, maana nina watano. Mwaka uliofuata mimba ya nne ikatoka, naye hakuwa amegusa jani hata moja. Hapo nilikasirika, nikampeleka mwenyewe hospitalini Kericho.

Daktari, mama mmoja aliyeitwa Adoyo, alitazama mikono ya Jerusa muda mrefu.

"Imekulwa na chai, daktari," Jerusa akasema.

"Toa gumbuti."

Akavua vile viatu vya mpira. Vidole vikubwa vya miguu navyo vilikuwa vifupi.

"Na hizi, mama? Unachuma chai na miguu?"

Niliona aibu. Tulioga naye mtoni tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza.

Baada ya picha ya tumbo, daktari alieleza polepole. Kuna jeni moja, kitu kidogo anachorithi mtu kwa mzazi, inayoongoza vidole na mji wa mimba mtoto anapojengwa tumboni. Ya Jerusa ilikuwa na kasoro, ametoka nayo kwa baba yake. Mji wake wa mimba ulikuwa na ukuta katikati, mtoto alikosa nafasi. Ukuta ungeweza kupasuliwa, bila ahadi ya mtoto.

Nilingoja aulize kuhusu upasuaji. Yeye akauliza, "Mtoto atakuwa na hii kidole?"

"Pengine ndiyo, pengine hapana. Ni nusu kwa nusu."

Alipasuliwa. Desemba 1999 alijifungua msichana, mimba ikiwa ya miezi minane, mdogo lakini mwenye sauti. Mama mkwe alifunua shuka, akakunjua ngumi moja, kisha ya pili. Vidole gumba virefu, vyembamba. Akamshukuru Mungu, nasi sote tukaitikia.

Jerusa alikivuta kidole kimoja, akakishika kiganjani, akalia. Nilidhani ni furaha, nikamwambia anyamaze asimwamshe mtoto.

"Nashukuru, Janeffer," akasema. "Hatapitia yenye nimepitia. Nashukuru kabisa." Aliendelea kukishika. "Lakini nilikuwa nataka kushika kidole ya baba tena. Hata moja tu."