Boksi Moja la Risasi za Verlin

Katika bonde letu la Lemhi, mtu akisema "nimepewa za Verlin," hakuna anayeuliza za nini. Ni risasi. Verlin Tolbeck alinoa misumeno ya kiwanda cha mbao kwa miaka thelathini na mmoja, na kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na jicho lake kali, akalihamishia kwenye kibanda cha nyuma ya jikoni, kwenye mashine ya mkono ya kujazia risasi.

Mimi ni jirani yake. Naitwa Marva, naendesha basi la shule, na uzio wetu ni mmoja. Mume wangu Hank alipofariki nilikaa dirishani wiki nzima, nikitazama barabara isiyopita mtu. Siku ya nane Verlin akagonga mlango, bunduki begani.

"Vaa koti twende machimboni," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kupiga kelele. Kulia kimyakimya kunaharibu mapazia."

Nilicheka bila kutaka. Machimboni, yale ya kokoto nje ya mji, Verlin na mwenzake Dewitt Sorrells walikuwa wamepanga vyuma vya shabaha vilivyokatwa kwa umbo la kuku na kondoo wa milimani. Verlin akanipa bunduki ya wenzo, ile unayoikoki kwa kusukuma pete ya chuma mbele na kuirudisha, ganda la shaba likaruka pembeni na risasi nyingine ikaingia. Kiunoni alikuwa na bastola ya silinda. Zote mbili zilikula risasi za aina moja, zile nzito ziitwazo magnum, na jambo hilo lilimfurahisha Verlin kama mtu aliyepata viatu vya kuvaa shambani na kanisani. Nilifyatua. Kimya kidogo, kisha ule mlio wa chuma ukaturudia kutoka mbali, tiiing.

"Umeua kuku!" Dewitt akapiga kelele. "Sasa nani atamnyonyoa?"

Tangu siku hiyo nilikwenda nao kila Jumamosi.

Verlin alikuwa na msemo wake: "Dukani wanampikia kila mtu. Mimi nampikia mtu." Dewitt, anayewinda kulungu wakubwa kule juu, alipikiwa kali, zinazosukuma bega. Ardith, mkewe Verlin, ana baridi yabisi ya viganja, hivyo alipikiwa laini, baruti kidogo tu, bastola inakohoa badala ya kunguruma. Nimemtazama Verlin akifanya kazi hiyo mara nyingi. Ganda lililokwisha kupigwa linaoshwa, linabanwa lirudi umbo lake, linatiwa fataki mpya kitakoni, kisha baruti iliyopimwa kwenye mizani, kisha kichwa cha risasi. Hakuna hatua ngumu hapo. Kazi yote ni kutowaza kitu kingine. Akiwa mezani redio ilizimwa, na Ardith hakuthubutu kumwita chakula.

Hatari ilikuwa kwenye zile laini. Baruti yake haifiki hata nusu ya ganda. Ukisahau ukatia mara ya pili, ganda linapokea tu, halilalamiki; bastola ndiyo itakayopasuka. Kwa hiyo kabla ya kufunga vichwa, Verlin alipanga maganda hamsini kwenye kibao chenye matundu, akamulika kurunzi, akachungulia moja baada ya jingine. Kisha akaandika juu ya boksi tarehe, uzito, na neno "imekaguliwa."

Majira ya baridi yale alianza kuniuliza, "Hank hajambo?" Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Mara ya pili Ardith alikuwa karibu, akatazama miguu yake. Tulisema ni uzee. Sote tulisema hivyo, na hatukumwambia mtu.

Jumamosi moja ya Aprili tulikuwa machimboni wanne. Verlin alikuwa amemletea Ardith boksi jipya la laini, akachukua bastola ya mkewe azijaribu kwanza. Risasi mbili zikatoka vizuri. Ya tatu haikulia kama risasi. Ilikuwa kama mlango wa chuma umebamizwa ndani ya kichwa changu. Verlin alikuwa bado amesimama, damu inamtoka shavuni na kwenye kiganja, na silinda ya bastola imepasuka upande, chuma cha juu kimepinda kama kijiko.

"Verlin! Nionyeshe vidole!" Dewitt alimshika mkono. "Vihesabu, mzee, vihesabu!"

"Vipo," Verlin akasema. "Vipo vyote. Lakini hii bastola ni ya Ardith."

Aliisema mara tatu. Ardith alikuwa amekaa nyuma ya gari, vizibo vya masikio bado kichwani. Zamu iliyokuwa inafuata ilikuwa yake.

Kliniki walimshona nyuzi saba. Daktari alipomuuliza ni mwezi gani akajibu Novemba, wakamtuma mjini kwa vipimo zaidi, na mwezi Mei tukaambiwa ni ule ugonjwa wa kusahau, na kwamba ulianza muda mrefu uliopita.

Tulizifungua risasi zote zilizokuwa kibandani. Kuna nyundo ya plastiki ya kazi hiyo. Unaweka risasi ndani, unagonga, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika. Dewitt alitaka kuifanya yeye. Verlin akakataa.

"Nimezifunga mimi, nitazifungua mimi."

Basi yeye akagonga, Ardith akapima, mimi nikaandika. Risasi mia nne na zaidi, siku tatu. Nyingi zilikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo lililoumiza. Halafu mizani ilikwenda mbali kuliko inavyotakiwa, na Ardith akaisogeza ili Verlin aone. Ilitokea mara nne. Ganda moja halikuwa na baruti hata chembe.

Baada ya ile ya nne Verlin alichukua boksi lake akalisoma.

"Huu mwandiko ni wangu."

"Ndiyo," Ardith akasema.

"Na nimeandika nimekagua."

"Ndiyo, Verlin."

"Basi mimi ni mwongo."

"Wewe ni mgonjwa, mume wangu."

"Kwenye baruti, Ardith, ni kitu kimoja."

Ndipo nilipouliza lile ambalo sote tulikuwa tunaliogopa: tangu majira ya baridi, nani mwingine amepewa? Verlin alikuwa na daftari. Maboksi kumi na moja yalikuwa yametoka. Dewitt matatu, mchungaji wetu mawili, na wengine tunaowajua, moja moja. Tulipiga simu, tukazunguka, na katika wiki moja yakarudi kumi. Boksi la kumi na moja lilikuwa limeandikwa hivi: "Laini, hamsini, kapewa," na mstari ukaishia hapo.

Verlin alikaa jikoni, daftari mbele yake, kahawa imepoa.

"Alikuwa na kofia," akasema hatimaye.

"Verlin, bonde zima lina kofia," Dewitt akamjibu, taratibu.

"Alicheka. Nilimwambia kitu, akacheka." Alikunja ngumi akajigonga paji la uso. "Namwona meno! Meno yake nayaona! Kwa nini sioni uso?"

Ardith alimshika ile ngumi akaikalisha mezani. Hakuiachia mpaka jioni.

Tulibandika tangazo kwenye duka la chakula cha mifugo. Mchungaji alitangaza kanisani, redio ya mji ikasoma. Watu walileta maboksi ya miaka kumi nyuma, mengine risasi zake zimeota kutu. Mimi na Dewitt tulikwenda ranchi baada ya ranchi, mpaka kule barabara inapokwisha, na kila mahali tulipokewa kwa wema, wakatukatia pai, wakamwombea Verlin. Lakini hawakuamini.

"Za Verlin?" mzee mmoja alituambia mlangoni. "Hizo hazina kasoro. Nimezipiga tangu mwanangu hajazaliwa."

"Hizi zina kasoro," Dewitt akasema. "Nilikuwepo."

"Labda bastola ilikuwa mbovu."

Sifa ya Verlin ilitushinda nguvu. Alikuwa ameijenga kwa miaka mingi, haikubomoka kwa maneno yetu mawili.

Msimu wa uwindaji ulipofika, milima ikaanza kulia. Verlin aliacha chakula kwa kila mlio, akatoka barazani, akashika nguzo.

"Hiyo haikuwa nzito mno?" aliniuliza kila aliponiona uani.

"Hiyo ni bunduki kubwa, Verlin. Ya mbali."

"Una hakika?"

Nilisema ndiyo. Sikuwa na hakika na chochote. Mlio ukiwa mmoja nilisimama na ndoo yangu nikisubiri wa pili, ili nijue aliyefyatua bado ana mkono wa kufyatulia.

Hakuna habari mbaya iliyofika. Wala boksi halikuja. Kufikia Januari, Verlin alikuwa amelisahau. Hilo nalo lilikuja na adhabu yake. Dewitt alikwisha kuichukua mashine kwa ruhusa ya Ardith, na kila asubuhi Verlin aliingia kibandani akakuta meza tupu.

"Nani kaiba mashine yangu?"

Ardith alimweleza ukweli, kwa kuwa hawakuwahi kudanganyana. Na kila asubuhi aliusikia kwa mara ya kwanza. Uso ulimporomoka. Kisha lile swali: "Nimemuumiza mtu?"

"Hapana, hatujasikia."

"Lakini una hakika?"

Siku moja Ardith alikuja uzioni bila koti, theluji inaanguka.

"Marva, kila asubuhi namuua upya. Anakufa, anasahau, kesho namuua tena. Siwezi."

Tulikubaliana amwambie mashine imepelekwa kutengenezwa. Kesho yake Verlin akasema, "Aa, sawa," akaenda kunywa kahawa, akawa mchangamfu siku nzima. Ardith alinisimulia hilo huku analia.

Machi nilimpeleka Verlin machimboni na ile bunduki ya wenzo. Risasi nilinunua dukani, na nilimpa moja moja. Mikono yake haikusahau kitu. Alisimama kama zamani, akapumua, akapiga kondoo wa mbali mara tatu kwa tatu, na mlio wa chuma ulipoturudia aligeuka kunitazama kama mtoto aliyepewa sifa. Kisha akaokota ganda, akalinusa.

"Za dukani hizi."

"Ndiyo."

"Hazina ladha. Mashine ikirudi nitakupikia za kwako." Akalitia ganda mfukoni. "Hank naye anapenda kali au laini?"

"Laini," nikasema.

Agosti alihamia nyumba ya wazee mjini Salmon, kwa kuwa alikuwa akitoka nje ya uzio na Ardith hana nguvu za kumrudisha. Ardith hula naye mchana. Siku nyingine anamjua, siku nyingine anamwita dada na kumshukuru kwa supu.

Lile tangazo langu bado lipo dukani. Jua hulifuta, nami huliandika upya kila Septemba, jina la Verlin, tarehe, na ombi kwamba mwenye lile boksi la kumi na moja asizipige risasi zake, anipigie simu mimi. Mwaka huu mwenye duka alinisaidia kushika kona za karatasi nilipokuwa nabandika.

"Marva," akaniuliza, "hili tutaliweka mpaka lini?"

Nilimwomba pini moja zaidi.